Aliyeitika Chumba Kumi na Nne

Baba mdogo Bhekuyise alifungua mlango wa pikapu, akasogea pembeni, tukangoja. Mkononi alishika tawi la mkunazi-pori, lenye miiba na majani mabichi.

"Panda, Gumede," alisema kwa upole ambao sisi tulio hai hatukuwahi kuuonja kwake. "Panda, kaa katikati. Dada yako atakaa dirishani."

Akangoja tena, kama mtu anavyomngoja mgonjwa akunje miguu, kisha akaliweka tawi juu ya kiti na kulifunga mkanda. Ndipo nami nikapanda, nikajibanza mlangoni nisije nikamkalia kaka yangu.

Kwetu mtu akifia mbali, jeneza huleta mwili tu. Mwenyewe hubaki palepale alipokata roho, ameduwaa, hajui hata kimempata nini, mpaka mtu wa damu yake aende na tawi la mkunazi na kumwita kwa majina ya ukoo. Akishaitika, anarudishwa nyumbani huku akielezwa njia. Na mwenye tawi hasemi na mtu mwingine yeyote mpaka afike. Polisi wa barabarani wakisimamisha gari, dereva ndiye hujibu, na wao wenyewe wakiliona tawi huvua kofia na kupunga mkono mwende.

"Tunavuka Thukela sasa, Gumede," baba mdogo alisema tulipofika darajani. "Maji yamepungua mwaka huu. Hayo mashamba ya miwa unayaona? Tumekaribia."

Mkhwanazi, jirani yetu mwenye gari, aliendesha taratibu kama aliyebeba mayai. Mimi nilikuwa nikilia kimyakimya, lakini kilio cha nafuu. Nilijisemea, basi, tumempata, yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Kaka yangu aliitwa Mfanufikile, na nyumbani kwetu Entumeni hakuna aliyemzidi kwa kelele. Alipiga mluzi akioga, akala wima, akavua viatu kimoja mlangoni na kingine Mungu anajua wapi. Mama alikuwa akisema, "Huyu mtoto ukitaka kujua alipopita, fuata uchafu." Lakini kichwani alikuwa moto wa kuotea mbali, na ndiyo maana mama aliuza ng'ombe wa marehemu baba ili ampeleke Wexcombe.

Wexcombe kilikuwa chuo cha Bwana Moonsamy. Alikianzisha mjini Durban juu ya duka la sari za harusi, akifundisha kupiga chapa na kuweka hesabu. Wanafunzi wake walikuwa wakisema ulikuwa unajifunza huku unanusa ubani na kusikia mabibi harusi wakigombana chini. Kisha siku moja chuo kikaolewa Ng'ambo. Chuo kikuu kimoja cha Uingereza kilikubali kutoa vyeti vyake kupitia pale, na mahari yenyewe ilikuwa nembo ya simba, mnyama ambaye Waingereza kwao hawana. Tangu hapo mitihani ikawa inaletwa kwa ndege, imefungwa kwa lakiri, na kila mwaka alikuja mzee mwekundu wa kutazama kama madirisha yanafunguka. Chuo kikahamia katika hoteli kuukuu karibu na bandari, na huko ndiko Mfanufikile alikosomea.

"Mama," alikuwa akijigamba likizoni, "cheti changu kitatiwa sahihi na mtu ambaye hajawahi kuniona!"

"Aendelee hivyo hivyo asikuone," mama alimjibu. "Akikuona ulivyo, atakichana."

Alifia ndani ya mtihani. Aliinamisha kichwa juu ya meza, Chumba Kumi na Nne, na msimamizi akadhani amemaliza mapema akalala, maana alikuwa mtu wa namna hiyo. Sheria za Ng'ambo zilikataza kumgusa mtahiniwa. Walipokuja kujua, moyo ulikuwa umesimama zamani, mtihani ukavurugika, wengine wakapiga mayowe, wengine wakaruka meza. Daktari alisema alizaliwa na kasoro ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Tulimzika Novemba, mvua ikinyesha.

Mwanzoni mama alikataa habari za tawi. Sisi ni watu wa kanisa, na mama hakosi mkutano wa akina mama wa Alhamisi, amevaa blauzi yake nyekundu yenye kola nyeupe. "Mungu anaijua njia ya Entumeni bila kuonyeshwa," alisema. Lakini baada ya Krismasi akaanza kumwota. Alimwona ameketi, ameinamisha kichwa, na kila akimwita hainui uso. Ndoto ikarudi, ikarudi tena, hadi mama akakonda. Ndipo akamwita baba mdogo, akamwambia bila kumtazama machoni, "Shemeji, nenda kamlete mwanao."

Baba mdogo alipiga simu chuoni, akapokelewa, akaelekezwa. Tulifika Pinetown tukiwa na tawi, na Bwana Moonsamy alitupokea mlangoni amevaa tai nyeusi. Alikuwa mzee mfupi, mpole, macho yake mazito kwa huzuni ya kweli. Kwetu sisi watu wa shamba, kuanzia mlima wa Pinetown hadi baharini kote ni Durban. Hatukuwa na la kuuliza.

Alituongoza kwenye ujia mrefu wenye dari ya juu sana, mpaka kwenye mlango uliobandikwa kibao cha shaba: 14.

"Ni hapa alipofia?" baba mdogo aliuliza, nami nikatafsiri kwa Kiingereza.

"Chumba Kumi na Nne ni hiki," alisema Bwana Moonsamy. Akashika meza moja ya mstari wa mbele. "Na hata meza ni hii hii."

Akainama, akarudi nyuma, akatuachia nafasi. Baba mdogo akapiga goti, akayataja majina yote ya ukoo wa Sibiya. Gumede! Sotobe! Akasema, "Twende nyumbani, mtoto wetu, mama yako anakungoja." Nilipomwangalia niliona mshipa wa mkono wake umesimama.

"Umekuwa mzito, Gumede," alilinong'oneza tawi. "Umeitika."

Hilo ndilo linalonisisimua mwili mpaka leo. Baba mdogo hakudanganya. Kuna aliyeitika.

Tuliliweka tawi kwenye umsamo, ile sehemu ya nyuma ya nyumba ya msonge wanapokaa wazee wetu wasioonekana. Mama alipika wali na kuku, akatenga sahani, akaongea na mwanawe mpaka sauti ikamkauka. Siku ile alilala usingizi wa mtoto mchanga, na ile ndoto haikuja.

Ikaja kesho yake. Mfanufikile alikuwa ameketi vilevile, ameinama vilevile.

Lakini nyumba ilikuwa imeingiliwa na mtu, hilo hata kuku walilijua, walikuwa hawakatizi tena mlangoni. Na mtu huyo alikuwa nadhifu. Nilianika nguo, nikaingia ndani kidogo, nikatoka nikazikuta zimekunjwa juu ya kikapu, mikono ya mashati imelazwa nyuma kama za dukani. Nikadhani ni mama. Mama akadhani ni mimi. Viatu vyangu nilivyoviacha ovyo nilivikuta vimepangwa sambamba. Mbwa wetu alimlaki mtu huyo kila alipotoka umsamo, ila alimlaki kwa adabu, amelala chini, hakurukaruka kama alivyokuwa akimrukia kaka.

Kisha zikaja pini. Mama alifagia umsamo akaokota pini ya mshonaji. Kesho yake nyingine. Tulikuwa na cherehani ya miguu, ya bibi, mkanda wake ulikatika kabla mimi sijazaliwa, ikawa meza ya kuwekea taa. Mchana mmoja, jua la utosi, mimi na mama tukipukuchua mahindi nje, tukaisikia. Taka-taka-taka, ikatulia, taka-taka-taka. Mama aliweka gunzi chini.

"Panya," nilisema.

"Panya gani anayeshona mstari ulionyooka?"

Tulipoingia taa ilikuwa palepale juu ya cherehani, haijasogea. Hewa ilinuka mafuta ya mashine, na chini yake kitu kingine, kama kitambaa kilichoungua pasi. Blauzi ya mama ya Alhamisi ilikuwa kitini. Kola yake nyeupe, iliyokuwa imeanza kuachia tangu mwaka uliopita, ilikuwa imeshikizwa kwa pini, pini moja baada ya nyingine, kwa nafasi zilizolingana.

Mama aliketi kitandani, blauzi mapajani. Niliogopa mno, nilitaka kukimbia mpaka kwa Mkhwanazi. Yeye hakuogopa. Alikuwa akitazama zile pini kama mtu asomaye.

"Hlobi," aliniita. Jina langu ni Hlobisile. "Huyu si mwanangu."

"Mama!"

"Mwanangu hajui hata kutunga uzi. Huyu ni mwanamke, tena mtu wa kazi. Tumemleta nani humu ndani?"

Baba mdogo alipoambiwa alipandisha mori. Alisema hajawahi kukosea tawi maishani, kwamba alimleta babu kutoka migodini Johannesburg na babu akatulia, kwamba mama ameanza kuchanganyikiwa kwa uchungu. Mama alimpa zile pini mkononi. Akazitazama, akaondoka bila kuaga, na wiki nzima hakukanyaga kwetu.

Aprili chuo kikatualika. Kilikuwa kinaadhimisha kumbukumbu ya kuanzishwa kwake, na Ng'ambo walikuwa wamekubali kumtunukia Mfanufikile cheti chake ingawa ni marehemu. Mama alivaa blauzi nyekundu, kola sasa ameishona mwenyewe kwa kuzifuata zile pini, nami nikaenda naye ili nimtafsirie, maana sherehe yote ilikuwa ya Kiingereza.

Ukumbi ulijaa majoho. Dari ilikuwa juu, na juu huko niliweza kuona kulabu za chuma zimepangwa mistari kwa mistari, hazina kazi. Bwana Moonsamy alisimama kusimulia historia ya chuo, mzee wa Ng'ambo kando yake akisinzia kwa heshima. Mimi nilimnong'onezea mama sikioni, neno kwa neno, kama mtu anayekariri.

"Anasema walianza juu ya duka la sari. Anasema watu waliwacheka. Anasema sasa wana wanafunzi hadi wa Lesotho. Anasema mkataba wa Ng'ambo ulikuwa mgumu, kila chumba cha mtihani kilikaguliwa na kuidhinishwa kwa namba yake. Kwa hiyo kila walipohama, waling'oa vibao vya shaba milangoni wakaenda navyo. Namba zilezile, meza zilezile. Anasema, jengo hubadilika, Wexcombe haibadiliki. Anasema hata Desemba iliyopita, walipohama kutoka hoteli ya bandarini kuja hapa Pinetown, walibeba..."

Nikasikia nilichokuwa nimekisema.

Mama alikuwa amenishika kifundo cha mkono. Watu walikuwa wanapiga makofi, simba wa nembo anatuangalia kutoka ukutani, na mama ananikaza mkono mpaka vidole vyangu vikafa ganzi.

"Hakufia hapa," alisema.

"Hapana, mama."

"Yuko kule kule. Miezi yote hii. Ameinama peke yake."

Sijawahi kuisikia sauti ile kwa mama, wala sitaki kuisikia tena. Walilitaja jina la mwanawe, mama akapanda jukwaani, akapokea cheti kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kwa mzee wa Ng'ambo kama adabu inavyotaka. Aliposhuka alimfuata Bwana Moonsamy mpaka kwenye meza ya chai na sambusa.

"Muulize," aliniambia. "Kabla ya chuo, hapa palikuwa na nini?"

"Kiwanda cha mashati, mama," alijibu Bwana Moonsamy mwenyewe, kwa Kizulu kizuri tu, nasi tulikuwa tumehangaika na tafsiri muda wote huo. "Zamani sana."

"Nani alifia kwenye kile chumba chako?"

Mzee wa watu aliangalia sambusa yake, akairudisha sahanini. Alisema palikuwa na moto, miaka mingi kabla hajanunua jengo. Wanawake wa zamu walitoka wote ila mmoja. Mlango wa stoo ya vitambaa, ambayo sasa ndiyo chumba kile, ulikuwa umefungwa kwa nje. Wenye kiwanda walifilisika, wakaondoka. Hakuna aliyekuja kumwulizia yule mwanamke. Wengine walisema alitoka Lesotho, wengine Pondoland. Jina alilotumia kazini halikuwa lake.

"Na wewe ulituambia ni hapa," mama alisema. Hakupaza sauti.

Bwana Moonsamy alivua miwani. Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi, mbele ya wageni wake. "Mimi nilidhani chumba ni namba yake, mama. Miaka yote nimefanya kazi hivyo. Karatasi za Ng'ambo zinataka namba, nami nikawa nazipa namba. Sikudanganya. Niliamini."

"Najua hukudanganya," mama alisema. "Ndiyo maana nimekuja kukuuliza wewe. Utatuonyesha kilipo chumba chenyewe."

Ugomvi uliofuata nyumbani ulikuwa mkali, na sote watatu tulikuwa tumeketi mkabala na umsamo, maana hatukuwa na pengine pa kukaa mvua ikinyesha. Baba mdogo alikuwa amezeeka ghafla.

"Kwanza huyu arudi kwao," alisema. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

"Jembe amelishika mwenyewe, shemeji," mama alisema. "Hata hilo koti lako, kifungo kilikuwa kimening'inia. Kiangalie."

Baba mdogo aliangalia koti lake. Kifungo kilikuwa imara. Aliuondoa mkono pale haraka.

"MaKhoza," alimwita mama kwa jina la ukoo wa kwao, "hii si michezo! Huwezi kuwawekea wazee wa Sibiya mtu wasiyemjua. Nani atamtambulisha? Kwa jina gani? Na huyo kijana akija akute nafasi yake imekaliwa, atatulia vipi? Arudishwe Pinetown."

"Akapokewe na nani? Kibao cha shaba?" Mama aliinama mbele. "Nisikilize. Wewe uliita, Gumede, mtoto wa Sotobe, mama yako anakungoja. Hilo si jina lake. Yeye alijua kabisa kwamba si yeye anayeitwa. Lakini miaka yote ile hajasikia mtu akimwambia mwenzake kuwa mama anamngoja. Akasimama, akaja. Sasa mimi nimwambie nini, kwamba nilikuwa natania?"

Mvua ilipiga nyasi za paa. Baba mdogo alikivuta kile kifungo cha koti, kikashika.

"Mimi tawi sishiki tena," alisema mwishoni. "Mdomo uliomwita mgeni hauwezi kumwita mtoto. Sijui nitaondoka na nani safari hii."

"Basi ataenda Hlobi," mama alisema. "Mimi nimeolewa tu humu, yeye ni damu yenu."

"Msichana?"

"Unaye mwingine?"

Hakuwa naye. Nami nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi haikupasuka.

Ile hoteli ya bandarini ilikuwa tayari imepata chuo kingine. Usishangae, mjini jengo halikai ujane. Hiki kilikuwa kimeolewa Australia, nembo yake kangaruu, na mlinzi wake alitaka kutuuliza tunakwenda wapi, akaona tawi, akafungua geti. Bwana Moonsamy alinitangulia ngazini, akipumua kwa taabu, akishika ukuta aliowahi kuulipia rangi. Kwenye ghorofa ya tatu alisimama mbele ya mlango uliobandikwa kibao cheusi cha plastiki chenye namba nyingine. Chini ya kibao hicho yalionekana matundu ya skrubu za zamani.

"Ni hiki," alisema. "Sasa nakuambia chumba, si namba."

Nikagonga, nikafungua. Darasa zima lilikuwa linafanya mtihani.

Mhadhiri aligeuka, kidole tayari juu, mdomo tayari umefunguka kunikaripia. Akaliona tawi, akaufunga mdomo. Kidole kikashuka polepole. Sijui alikuwa mtu wa wapi, lakini hakuna mtu wa mkoa wetu asiyelijua lile tawi.

"Wekeni kalamu chini," aliwaambia wanafunzi. "Simameni."

Wakasimama wote, kofia zikavuliwa, viti vikakwaruza sakafu. Ndipo nikaiona meza moja ya mbele, karibu na dirisha, isiyo na mtu. Chumba kilikuwa kimejaa hadi wengine walibanana wawili wawili, na ile imeachwa.

"Hapo hatukai," msichana mmoja aliyekuwa nyuma yake alisema kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi. "Pana baridi."

Nilikwenda, nikapiga goti. Ilikuwa baridi kweli, baridi ya kisima, na nje kulikuwa na joto la Durban la kuyeyusha lami. Nikataja majina kama nilivyofundishwa. Gumede. Sotobe. Mfanufikile, mwana wa Sibiya. Ni mimi Hlobi, nimekuja kukuchukua, twende nyumbani.

Hakuna kitu. Tawi lilikuwa jepesi mkononi mwangu, kijiti kitupu. Nikarudia yote tangu mwanzo. Jasho lilinitoka na meno yanagongana. Nikafikiri, mdomo wangu ni wa msichana, wazee hawanisikii. Nikafikiri, nitamwambia nini mama?

Kisha nikamwona. Sisemi kwa macho. Nilimwona kama mama alivyokuwa akimwona, ameinama juu ya karatasi yake, anafikiri. Yule mtu wa kelele kuliko wote, amekaa kimya miezi yote hii. Kwa nini? Kwa sababu yuko kwenye mtihani! Watu walipiga mayowe, wakaruka meza, wakatoka mbio, na katika vurugu ile hakuna hata mmoja aliyekumbuka kusema lile neno. Ng'ombe wa baba walikuwa kwenye karatasi ile. Angewezaje kuinuka?

Nikamgeukia mhadhiri. Nilimwomba atamke neno ambalo msimamizi hulitamka mwishoni. Alinitazama, kisha akaitazama ile meza, akaelewa. Akajinyoosha, akakohoa, akasema kwa sauti yake ya kazi, ile inayofika viti vya nyuma:

"Muda umekwisha. Mtahiniwa, weka kalamu chini. Unaweza kuondoka."

Tawi likavutwa chini. Ilibidi nilishike kwa mikono miwili.

Nyuma yangu mtu mmoja alianza kulia, nadhani alikuwa Bwana Moonsamy, lakini sikugeuka. Sikuwa tena na ruhusa ya kusema na mtu mwingine, nami sikumtaka mwingine. "Haya, tushuke," nilimwambia kaka. "Ngazi ya tatu imevunjika, angalia mguu."

Nilimsemesha njia nzima. Nilimwonyesha bahari upande wa kulia, nikamwambia asimbanie Mkhwanazi gia, nikamweleza kwamba amefaulu, cheti kiko nyumbani juu ya kabati, kimetiwa sahihi na mtu asiyemjua. Thukela tulipovuka nilimwambia ashikilie. Mkhwanazi aliendesha huku machozi yakimtiririka hadi kidevuni, wala hakuthubutu kuyafuta. Miwa ilipoanza nikasema, "Sasa kuna jambo moja nyumbani ambalo mama atakueleza mwenyewe." Nililiogopa jambo hilo kuliko nilivyokiogopa chumba.

Mama alikuwa amesimama getini na blauzi yake nyekundu. Hakuniamkia mimi. Aliinama mbele ya tawi, akaligusa jani moja kwa kidole, jinsi alivyokuwa akimpangusa Mfanufikile uso alipokuwa mdogo.

"Umechelewa, mwanangu," alisema. "Si kosa lako. Ingia upumzike. Lakini nikuambie kabla hujaingia, usije ukashtuka. Ndani kuna dada yako. Hana kwao. Alifika kabla yako, akanitunzia nyumba wakati mimi nakulilia wewe. Nafasi yako ipo, na yake ipo. Ukiingia umsalimie, tena usimtupie viatu njiani."

Nikapita na tawi, mama nyuma yangu. Baba mdogo Bhekuyise alikuwa ameketi ndani karibu na mlango, kofia mapajani, amenuna kama kawaida yake. Mbele ya umsamo mama alikuwa ametandika mkeka mmoja, mpya. Baba mdogo aliutazama, akautazama tena. Kisha akainuka, magoti yakimlia, akaenda kuutoa wa pili nyuma ya kabati, akaukung'uta vumbi na kuutandika kando ya ule wa kwanza.